Uzi: Je, ni wasichana waliowafukuza wanamieleka vyuoni Marekani? Tuongee kuhusu sheria ya maneno 37

Fundi Jezi (mleta mada)

Wakuu, salaam. Wiki nzima naona humu jukwaa la michezo watu wanaandika kwamba Wamarekani wameua michezo ya wanaume vyuoni ili kuwafurahisha wanawake. Mtu anarusha mistari minne, anagongewa laiki sabini, basi imeshakuwa kweli. Mimi hii kitu nimekaa nayo jirani. Nilifua jezi miaka mitatu kwenye idara ya michezo ya chuo kimoja majimbo ya kati kule (chuo sikitaji, msiniulize PM), kazi ya wanafunzi, saa 20 kwa wiki. Na niwaambie, mfua jezi anajua mambo ambayo mkurugenzi hayajui. Anajua nani ana jozi sita za viatu na nani anaazimana raba.

Sheria yenyewe inaitwa Title IX. Rais Nixon aliisaini tarehe 23 Juni 1972. Kwa Kiingereza ina maneno 37 tu: hakuna mtu atakayetengwa, kunyimwa faida wala kubaguliwa kwa sababu ya jinsia katika programu yoyote ya elimu inayopokea fedha za serikali kuu. Litafute neno michezo humo ndani, hulioni. Walioibeba, kina Edith Green na Patsy Mink kwenye Baraza la Wawakilishi na Birch Bayh kwenye Seneti, walikuwa wanawaza milango ya kuingilia vyuoni. Mink alitaka kuwa daktari. Aliomba vyuo vya udaktari, vyote vikamkatalia, ndipo akaenda kusoma sheria Chicago. Waliomfungia mlango wa hospitali wakamfungulia wa bunge, shauri yao.

Lakini kule timu ya chuo iko chini ya chuo, kwa hiyo michezo nayo ikaingia kwenye mtego. Wakubwa wa futiboli (humu futiboli maana yake ule mpira wao wa kofia ngumu, tusichanganye na soka) walinusa mapema. Mwaka 1974 Seneta John Tower wa Texas alipeleka hoja kwamba michezo inayoingiza pesa isihesabiwe. Ikapigwa chini. Kanuni zikatoka 1975, vyuo vikapewa hadi 1978 vijirekebishe, na 1979 serikali ikatoa ufafanuzi ambao ndio watu wanatoana nao macho hadi leo.

Ufafanuzi unasema chuo kina milango mitatu, kipite wowote. Ama uwiano wa wanamichezo wa kike na wa kiume ukaribiane na uwiano wa wanafunzi wote. Ama kioneshe kwamba kimekuwa kikiongeza nafasi kwa jinsia iliyopungukiwa, mwaka hadi mwaka. Ama kithibitishe kwamba hamu na uwezo wa jinsia hiyo umeshatoshelezwa. Mlango wa pili unataka historia, wa tatu unataka ushahidi. Mawakili wa vyuo wanaupenda wa kwanza kwa sababu ni hesabu tupu.

Sasa piga hiyo hesabu. Chuo kina wanawake 55 katika kila wanafunzi 100. Futiboli peke yake inabeba wavulana zaidi ya 100. Hakuna mchezo wa wasichana unaomeza watu wengi hivyo. Ndiyo maana vyuo vikakimbilia makasia ya wanawake: boti moja inakula wapiga kasia wanane na mshika usukani wa tisa, ukiwa na boti kadhaa unapata watu sitini bila jasho. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule, ina ubingwa wa makasia wa wanawake tangu 1997. Wa wanaume haina.

Na chuo kisichotaka kununua boti kinafanya nini? Kinapunguza upande wa pili. Hapo ndipo mieleka, jimnastiki na kuogelea vya wanaume vinapigwa shoka. UCLA, chuo kikuu kimoja cha Los Angeles, mwaka 1994 ilifuta kuogelea na jimnastiki za wanaume kwa mpigo, na ile timu ya kuogelea ilishatoa watu wa medali za Olimpiki.

Kwangu ilikuwa hivi. Kila mwanamichezo alikuwa na kamba yake yenye namba. Soksi, fulana na bukta anazipitisha humo, anafunga, sisi tunafua fungu zima bila kufungua. Siku timu ya mieleka ilipotangaziwa kwamba mwisho ni msimu huu, kamba 31 zilirudi dirishani kwangu mchana mmoja. Kijana mmoja aliweka ya kwake namba 17 akasema, "Asante sana kwa wasichana." Nikanyamaza. Ijumaa ile ile nilipakia mabegi ya futiboli kwenye basi. Walikuwa wanakwenda kulala hotelini, kama kawaida yao kila kabla ya mechi ya nyumbani. Nyumbani, wakuu. Hotel yenyewe ilikuwa kilomita tatu kutoka mabwenini.

Sheria haijasema popote futa mieleka. Anayefuta ni mtu mwenye bajeti, halafu anamsingizia binti.

Komando wa Kigoma

Mkuu umeandika vizuri ila umezunguka. Swali dogo: kwa nini uhesabu wanafunzi wote badala ya wanaotaka kucheza? Fungua uwanja wowote huku kwetu saa kumi jioni. Watakuja wavulana arobaini na wasichana sita, na kati ya hao sita wawili wamemsindikiza kaka yao. Ukisema lazima iwe nusu kwa nusu umemnyima mwenye njaa ukampa aliyeshiba. Nimecheza mieleka ya mchangani, najua uchungu wa kufungiwa.

Fundi Jezi

@Komando hoja yako siidharau, ilifika mahakamani ikiwa imevaa suti. Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Brown, kikiwa kinabana matumizi, kiliziondolea fedha timu nne: voliboli na jimnastiki za wanawake, gofu na polo ya majini za wanaume. Mbili kwa mbili, ukiangalia juu juu ni haki kabisa. Mwanajimnastiki Amy Cohen na wenzake wakaenda kortini. Brown ikajitetea hivyo hivyo ulivyosema: wanawake hawana hamu ya michezo kama wanaume. Mahakama ya rufaa mwaka 1996 ikaikataa hoja hiyo, na 1997 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi. Mantiki yake ni kwamba hamu haioti jangwani. Huwezi kumnyima mtu uwanja miaka hamsini halafu ukapima hamu yake kwa kuangalia nani yuko uwanjani.

Takwimu za sekondari zao: msimu wa 1971-72 wasichana waliocheza walikuwa kama 294,000 nchi nzima. Siku hizi ni zaidi ya milioni 3.4. Damu ya wasichana haikubadilika, Komando. Geti lilifunguliwa.

Na wale sita wa uwanja wako wa saa kumi, wenzao wako wapi saa hiyo? Kisimani na jikoni. Sihitaji mahakama kuniambia.

Binti wa Ngamiani

Nimesoma hadi hapo kwenye makasia nikakumbuka kisa cha chuo kikuu cha Yale, ngoja niwamegee maana hakisimuliwi kwa Kiswahili.

Mwaka 1976. Timu ya makasia ya wanawake Yale inafanya mazoezi mto mmoja na wanaume, majira ya baridi. Bandani kwao mabafu ya maji moto ni ya wanaume tu. Mazoezi yakiisha, wanaume wanaoga, wasichana wanakaa kwenye basi wamelowa chapachapa, maji yanawagandia nywele, wakiwasubiri mabwana wamalize. Watu wanaugua. Walishalalamika hadi wakachoka, wakaambiwa mtapata.

Siku moja mwezi Machi nahodha wao Chris Ernst akawaongoza wenzake, jumla wasichana 19, hadi ofisini kwa mkurugenzi wa michezo ya wanawake. Wakafika wakavua nguo. Migongoni na vifuani wamejiandika kwa kalamu TITLE IX. Ernst akasoma tamko kwamba hii ndiyo miili Yale inayoinyanyasa. Mwandishi wa habari walikuwa wamekuja naye, habari ikatoka New York Times, wazee waliosoma Yale wakasoma gazeti asubuhi na chai. Mabafu yakapatikana.

Wawili kati yao walikwenda Olimpiki ya Montreal mwaka huo huo, na mmoja akarudi na shaba. Halafu raha ya kisa iko mwishoni: Ernst baadaye maishani akawa fundi bomba. Mimi nikifika hapo huwa nacheka peke yangu.

Kwa hiyo Komando akisema "hamu", mimi namuuliza, ungekuwa na hamu ya nini huku nywele zimeganda?

Mhasibu Mstaafu

Vijana mnazunguka mbuyu. Hili ni suala la fedha. Futiboli na kikapu cha wanaume ndivyo vinavyolipia kila kitu, mkiigusa futiboli hata hayo makasia yatakufa. Yule Seneta Tower alikuwa na hoja. Kuku anayetaga hachinjwi.

Fundi Jezi

Shikamoo mzee wangu. Kuku anataga kwenye vyuo vichache vikubwa. Kwa vingi idara ya michezo inatumia kuliko inavyoingiza, pengo linazibwa na chuo na ada wanazotozwa wanafunzi, wakiwemo wasioujua hata uwanja uko wapi. Chuo nilichofua mimi viti vya futiboli havikuwahi kujaa, na kocha wake alikuwa analipwa kuliko mkuu wa chuo.

Na hoja kwamba wanawake hawana watazamaji imeanza kuota ukungu. Fainali ya kikapu ya wanawake ya vyuo mwaka 2024, South Carolina na Iowa ya Caitlin Clark, ilitazamwa na wastani wa watu milioni 18.9. Ya wanaume mwaka huo milioni 14.8. Agosti 2023 voliboli ya wanawake pale Nebraska iliingiza watu 92,003 kwenye uwanja wa futiboli. Voliboli, mzee.

Miaka mitatu tu kabla ya fainali ile, 2021, NCAA iliwapeleka wanaume Indianapolis ikawapa ukumbi mzima wa vyuma vya mazoezi. Wanawake San Antonio wakapewa kijistendi kimoja cha vyuma vidogo vya mkononi na mikeka. Wakasema nafasi haitoshi. Mchezaji wa Oregon, Sedona Prince, akageuza kamera ya simu, ukumbi mtupu mpana kama hanga la ndege. Video ikazunguka dunia. Chekesho ni kwamba Title IX inavibana vyuo, ila NCAA yenyewe ni ngumu kuinasa, maana mwaka 1999 Mahakama ya Juu ilisema kupokea ada kutoka vyuo vyenye fedha za serikali hakutoshi kuiweka chini ya sheria hiyo.

Komando wa Kigoma

Sawa, lakini hujajibu kuhusu mieleka. Zimefungwa nyingi mno, hilo utalikataa?

Fundi Jezi

Sikatai. Zimefungwa nyingi na imeuma. Makocha wa mieleka walikwenda hadi mahakamani kuishtaki wizara ya elimu, kesi ikatupwa 2003. Lakini angalia kipindi kimoja: mwaka 1984, kwenye kesi ya chuo cha Grove City, Mahakama ya Juu ilibana sheria hii ihusu programu inayopokea fedha moja kwa moja tu, kwa hiyo kwa michezo ikawa kama imelala. Iliamshwa 1988 pale Bunge lilipopitisha sheria mpya na kuivunja kura ya turufu ya Reagan. Katika miaka hiyo minne ya usingizi, mieleka iliendelea kufungwa vile vile. Nani alikuwa wa kulaumiwa hapo?

Habari njema kwako: NCAA imeipa mieleka ya wanawake ubingwa rasmi kuanzia 2026. Chuo kikiweka mkeka kwa ajili ya mabinti, kuna uwezekano na wavulana wakarudishiwa.

Pamoja na hayo sitaki muone naitetea sheria kwa macho makavu. Hesabu ikishakuwa ndiyo sheria, watu wanaichezea hesabu. Quinnipiac, chuo kidogo jimbo la Connecticut, kilifuta voliboli ya wanawake 2009 kikaweka kikundi cha washangiliaji kama timu ya mchezo. Kortini ikaonekana kabla ya siku ya kuhesabu, timu za wanaume zilipunguza wachezaji kwenye orodha, siku ikipita wanarudi. Softiboli ya wanawake ikafanya kinyume: inajaza, kisha inapunguza. Jaji mwaka 2010 akasema ule ushangiliaji bado haujawa mchezo, rudisheni voliboli. Nilipolisoma hilo nilicheka, maana hata kwetu kulikuwa na mabinti ambao kamba zao zilikuwa na namba ila sikuwahi kufua soksi zao hata siku moja.

Kitu kingine hakisemwi. Mwaka 1972 zaidi ya timu 90 katika kila 100 za wanawake zilifundishwa na wanawake. Leo ni kama 40. Mishahara ilipopanda, wanaume wakagundua ghafla kwamba wanapenda sana michezo ya wanawake.

Mjuzi wa Mambo

Mbona mnakwepa la waliobadili jinsia? Hilo ndilo moto sasa.

Fundi Jezi

Hatulikwepi, ni pana. Februari 5, 2025 Trump alisaini amri, kesho yake NCAA ikabadili kanuni na kuweka mashindano ya wanawake kwa waliosajiliwa wanawake wakati wa kuzaliwa. Lifungulie uzi wake, tutakuja. Humu litameza kila kitu, na wanaoguswa moja kwa moja ni wachache mno ukilinganisha na hili la pesa.

Maana bomu la sasa ni hili: Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA (House ni jina la mlalamikaji, siyo Bunge). Vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, mwaka wa kwanza hadi kama dola milioni 20.5 kwa chuo. Juu ya hapo kuna dola bilioni 2.8 za fidia ya miaka ya nyuma. Zinakwenda wapi? Sehemu kubwa mno ni futiboli na kikapu cha wanaume. Wanamichezo wa kike wamekata rufaa wakisema mgawo huo unavunja Title IX. Serikali ya Biden, siku zake za mwisho Januari 2025, ilitoa mwongozo kwamba malipo ya chuo kwa wanamichezo yahesabiwe kama msaada wa kifedha, yagawanywe kwa uwiano. Februari serikali ya Trump ikaufuta. Kwa hiyo leo chuo kitahesabu viti kwenye boti kwa rula, halafu kwenye noti kinafumba macho.

Mhasibu Mstaafu

Marahaba. Hapo kwenye noti umenigusa. Lakini soko ndilo linalopanga bei, huwezi kumlazimisha mtazamaji.

Fundi Jezi

Soko sawa, mzee. Basi wajisajili kama kampuni, walipe kodi, waache ruzuku na msamaha wa kodi wa chuo. Ukila kwenye sufuria ya shule unafuata zamu ya shule.

Kocha wa Iten

Niaje watu wa Bongo. Nimefuatilia kimya kimya. Hii sheria mnayoijadili imewalisha watu huku kwetu na wengi hawajui. Wakati wa zamani zile za kina Henry Rono wetu pale chuo cha Washington State na Suleiman Nyambui wenu pale chuo cha El Paso, Texas, aliyepanda ndege ilikuwa ni kijana. Baadaye upepo ukageuka. Kwa miaka mingi Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu kabisa ya NCAA, ilikuwa na ufadhili 12.6 kwa riadha ya wanaume, 18 kwa wanawake. Tofauti hiyo haikutoka mbinguni, ni kwa sababu futiboli ilikuwa imebeba 85 upande wa wanaume. Sally Kipyego akaenda Texas Tech akachukua ubingwa wa mbio za nyika mara tatu mfululizo, 2006 hadi 2008. Juzi juzi hapa Doris Lemngole na Alabama.

Na kuna siri: msichana wa mbio ndefu anakimbia nyika, uwanja wa ndani na uwanja wa nje. Kwenye hesabu yao ni washiriki watatu. Binti mmoja wa Elgeyo anazibia watatu wa futiboli! Makocha wa kule wanajua sana hiyo kitu.

Sasa swali langu kwa Fundi. Nina msichana amemaliza kidato cha nne, miguu iko. Hii mambo mpya imeharibu ama imesaidia?

Fundi Jezi

Kocha karibu sana. Vyuo vilivyojiunga na mpango mpya (yale makubaliano ya House), ule ukomo wa ufadhili umeondolewa, umewekwa ukomo wa orodha: riadha 45, nyika 17, kwa wanaume na kwa wanawake sawa. Ile nafuu ya 18 kwa 12.6 kwa vyuo hivyo haipo tena kwenye karatasi. Chuo kinaweza kufadhili wote 45 kikitaka, lakini hela nyingi inaelekea futiboli, kwa hiyo uliza kila kocha: mwaka huu unafadhili wangapi kati ya hao, na ni ufadhili kamili au nusu? Usikubali "tutaona".

Pili, mwambie asihadaike na habari za kulipwa. Akiwa na viza ya mwanafunzi ya F-1 kufanya kazi kumebanwa, na malipo ya kuuza jina na picha yanaweza kumletea matatizo ya uhamiaji. Ufadhili wa masomo hauna shida hiyo. Tatu, angalia na vyuo ambavyo havijajiunga na mpango, na vile vya miaka miwili. Anaanzia huko, anahamia.

Muda wake wa mita 5,000 ni upi? Uwe wa uwanjani na uwe na uthibitisho, siyo wa barabara ya vumbi kwa saa ya mkononi.

Kocha wa Iten

Ya saa ya mkononi ndiyo tuko nayo kwa sasa, boss. Mwezi ujao nampeleka Eldoret akimbie ya kweli.

Komando wa Kigoma

Mleta mada, nimekubali nusu. Ile ya hotel ya kilomita tatu imenimaliza. Yule dogo namba 17 aliishia wapi?

Fundi Jezi

Alihamia chuo cha jimbo la jirani, akapigana msimu mmoja, akaumia bega. Dada yake mdogo, nilikuja kusikia, ndiye anayecheza sasa. Mieleka. Ile kamba sikuirudisha stoo, nafungia funguo za gari.